Kijiko cha Uji kwa Nkambo wa Kirungu

Saa moja kasorobo asubuhi, wachuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa, wakiwa bado wanatafuta mahali pa kutandaza, Émérence anaketi upande upande mbele ya meza yake ya kazi. Hawezi kuketi vinginevyo. Mimba ina miezi minane, na seremala aliyeitengeneza meza hiyo hakuwa na mama mjamzito akilini.

Anawasha sanduku la chuma la rangi ya kijivu, anangoja lipate joto, kisha anabonyeza kitufe cha maikrofoni.

"Kirungu, Kirungu, hapa Kalemie. Unanisikia? À vous."

Sanduku linakoroma, linapiga mluzi, halafu sauti ya mwanamume inatoka ndani yake kama ya mtu mwenye mafua. Wiki tatu zilizopita sauti hiyo haikuwa na mafua. Na wiki tatu zilizopita tundu za kipaza sauti hazikuwa zimefunikwa kwa kipande cha wavu wa ndagala kilichoshonwa pande zote nne kwa uzi mweusi. Ukimuuliza Émérence wavu huo ni wa nini, anacheka kwanza, akishika tumbo, ndipo anajibu.

Foni, kama watu wa hapa wanavyoiita redio hiyo ya kuongea, ni mali ya Papa Apollinaire, mwenye bohari ya maharagwe na samaki wakavu karibu na bandari. Aliinunua ili azijue bei za Moba na Kirungu kabla wenzake hawajazijua. Lakini watu wa kando ya ziwa hawawezi kumwona mtu anaongea na Moba wakapita kimya. Walianza kuja mmoja mmoja: niulizie mama kama amepona, mwambie kaka mashua imechelewa. Siku hizi bei za maharagwe zikishamalizika, saa nzima inayofuata ni ya watu.

Émérence ameifanya kazi hiyo tangu mwaka 1977, miaka tisa sasa. Kwa asubuhi moja hupeleka ujumbe thelathini hadi arobaini, wa misiba na wa posa, wa minerval, yaani ada ya shule, na wa mbuzi waliopotea. Anayekosa noti hulipa kwa ndagala, na siku nyingine ndagala ndizo zinazokubaliwa kwa furaha zaidi.

Kwenye kadi yake ya uraia ameandikwa Kabwe, kwa kuwa serikali haitaki majina ya ubatizo. Mama yake, aliyemfikisha kwenye maji ya ubatizo, yeye hiyo kadi haitaki. Kwa hiyo kwenye foni ni Émérence, na mwambao mzima umezoea.

Kazi hii ina ubaya mmoja: haina siri. Kinachosemwa Kalemie kinasikika Zongwe, Moba na Kirungu kwa pamoja, na katika kila kituo kuna benchi, na kwenye benchi kuna masikio. Hata mimba yake ilitangazwa hivyo. Asubuhi moja alikatisha ujumbe wa posa katikati ya hesabu ya mbuzi, akakimbilia nje kutapika. Aliporudi, Léon, mwenzake wa kituo cha Kirungu, alimpa hongera mbele ya watu wote.

Mtoto wake wa kwanza, Mujinga, ana miaka miwili na miezi miwili. Jina hilo alipewa na ukoo wa baba yake, Waluba wa Kabalo, kwa sababu alizaliwa kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni. Siku hiyo roho za watu zilikuwa juu. Leo anatembea kwa mwendo wa bata, anapenda uji wa mahindi wenye sukari, na amekulia chini ya meza ya foni.

Mtoto wa seremala huchezea randa. Huyu alijifunza kuongea kutoka kwenye sanduku, akajua kwamba mtu akimaliza kusema lazima aseme "à vous" ili mwenzake apate zamu. Basi kila neno lake linaishia hapo. "Mama, maji, avu." "Kuku amekimbia, avu." Akishasema, ananyamaza na kukukazia macho mpaka umjibu. Majirani wamechoka kucheka, sasa wanajibu tu.

Baba yake, Gaspard, ni mfanyakazi wa treni ya Kabalo. Anaondoka Jumatatu, anarudi Alhamisi na gunia la makaa begani. Alhamisi filimbi ya treni ikisikika, Mujinga anakimbia mpaka kwenye ua wa matete na kusimama hapo kama mtu aliyeagizwa. Siku anazokuwepo, Gaspard ndiye anayeteka maji, anayemwogesha mtoto, na anayemfunga mkewe kamba za viatu ambavyo mwenyewe havioni tena kwa ajili ya tumbo.

Kwa mama, mambo yamebadilika kidogo. Nafasi ya mapajani imepungua. Kila wiki tumbo linachukua sehemu yake, na Mujinga anasukumwa kuelekea magotini. Halalamiki, anahama. Alilia siku tatu tu alipoachishwa ziwa kwa majani machungu, siku ya nne akaomba uji.

Hapo ndipo lilipo jambo lililomnyima mama huyu raha kwa miezi mingi.

Kwao Émérence, huko Kirungu kwenye baridi ya milima ya Marungu, mtoto akiachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani, hupelekwa kwa mama mzaa mama. Atakaa huko mpaka mdogo aanze kutembea. Wanasema inamsaidia kusahau ziwa, inamwepusha na wivu, na mama naye anapumzika. Émérence hazipingi sababu hizo. Anayo yake moja tu, na hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mumewe.

Yeye mwenyewe alipelekwa hivyo. Alikuwa na miaka miwili mdogo wake, Florent, alipozaliwa. Alipelekwa kwa bibi yake, kijiji cha juu zaidi mlimani, mpaka Florent atembee. Florent akatembea. Akazaliwa mwingine. Mvua zikaharibu njia, mwaka uliofuata mavuno yakawa mabaya, na mwaka uliofuata kukawa na jambo jingine. Aliporudi nyumbani alikuwa na miaka saba.

"Nilifika nikamwita mama yangu Mama Florent, kama vile unaita jirani," anasema. "Alinipa chakula, nikasema aksanti, kama mugeni. Sikuchukia mutu. Lakini kumuzoea ilichukua wakati murefu, na Mujinga sitaki anizoee mara ya pili."

Angemwambia mama yake hivyo, lakini wapi? Tangu aolewe, wawili hao huongea kwenye foni tu. Maneno kama hayo ukiyasema, yanajadiliwa Zongwe kabla hujazima sanduku.

Mama yake, Rosalie, hakujua lolote kati ya hayo, au ndivyo binti yake alivyodhani. Kila Jumanne na Ijumaa alishuka kwa miguu hadi kituo cha Léon kumsikiliza mjukuu ambaye hajawahi kuuona uso wake. Mujinga alimwita Nkambo, yaani bibi, na akaamini kwamba anaishi ndani ya sanduku. Rosalie alishika maikrofoni kwa mikono miwili na kupaza sauti kana kwamba Kalemie iko ng'ambo ya bonde. "À vous" hakuwahi kusema hata mara moja. Alisema mpaka maneno yakamwishia, na Léon ndiye aliyempokonya maikrofoni.

Kila mara swali lilikuwa lile lile: mtoto anakuja lini, kitanda kiko tayari, blanketi limeshafumwa. Émérence alijibu kwamba ziwa lina mawimbi, kwamba mashua imejaa, kwamba mtoto anakohoa. Kwenye foni, Mujinga amekohoa sana mwaka huu.

Halafu ikaja Jumanne ya uji.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi, na Rosalie alilalamika kwamba ameacha chakula jikoni akakimbilia kituoni, hata kitu hajatia kinywani. Mujinga alikuwa chini ya meza na kikombe chake cha bati. Alisikia vizuri. Ujumbe ulipokwisha, Émérence alitoka kwenda msalani kwa mara ya tatu tangu kupambazuke, kama mimba zinavyotaka, akamwacha mtoto na sanduku.

Aliporudi, Mujinga alikuwa amesimama juu ya kiti. Kikombe kilikuwa kitupu. Uji ulikuwa unateremka taratibu kutoka kwenye tundu za kipaza sauti.

"Nkambo, kula, avu," mtoto alisema, akaingiza kijiko cha mwisho.

Sanduku lilijibu kwa sauti ya kitu kinachokaangwa, likatoa moshi kidogo, likanyamaza. Mujinga hakuchapwa, maana mama yake alikuwa ameshikwa na bumbuazi. Aliponyang'anywa kijiko ndipo alipoangua kilio, na alichokililia ni kwamba Nkambo hajashiba.

Kwa siku kumi Kalemie haikusikika. Papa Apollinaire alinunua maharagwe ya Moba kwa bei ya kubahatisha, na bahati haikuwa yake. Si mtu mkali. Hakupaza sauti wala hakumkata mshahara. Alimwita tu pembeni ya magunia.

"Mama Mujinga, weye nakuhitaji. Foni pia naihitaji," alimwambia. "Mutoto pa kazi, hapana tena."

Émérence aliiona haki ya maneno hayo, na ndiyo iliyomuuma. Gaspard hayupo siku nne kwa wiki. Jirani ana watano wa kwake. Ukweli ni kwamba alihitaji mtu wa kukaa na mtoto, na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiomba aletewe mtoto huyo kila Jumanne na Ijumaa.

Alipiga moyo konde. Florent, yule mdogo wake, siku hizi ni mfanyabiashara mwenye mashua ya mota, na Jumamosi ya wiki ya pili alikuwa na safari ya Moba. Émérence alifua gauni tatu za Mujinga, akanunua sweta kwa ajili ya baridi ya mlimani, akafunga vyote ndani ya kitenge. Gaspard alipofika Alhamisi alikikuta kifurushi mlangoni. Aliketi karibu nacho, akakifungua fundo, akalifunga tena, akalifungua tena.

"Nyumba itanyamaza," alisema.

Siku hiyo hiyo fundi redio, Papa Pontien, alimaliza kazi. Alikuwa amekwangua uji mkavu kwa ncha ya msumari, akaosha nyaya kwa pombe, akavitandaza vipande vyote kwenye mkeka juani kama ndagala. Kipaza sauti kilikuwa kimeshakufa. Aliweka kingine alichokitoa kwenye redio kuukuu, na ndicho kinachowapa watu wote mafua. Alisema kwamba katika maisha yake ya ufundi ametoa ndani ya masanduku mende, panya na rozari moja, lakini uji ulikuwa wa kwanza. Wavu aliushona mwenyewe.

Ijumaa, Papa Apollinaire aliruhusu jambo moja: mtoto aje aage, akiwa ameshikwa mkono. Benchi lilijaa mapema. Watu walikuwa na ujumbe wa siku kumi, na kwa kweli walikuwa pia na hamu ya kusikia.

Léon aliitikia mara moja. Alimshukuru Mungu hewani, kisha akasema kwamba Rosalie amekuja kituoni kila asubuhi kwa siku zote kumi, si Jumanne na Ijumaa tu, na leo amefika kabla yake.

"Uko muzima?" Rosalie aliuliza. "Tumbo iko?"

"Niko, Mama. Tumbo iko. Mutoto anakuya kesho na mashua ya Florent. À vous."

Alidhani mama yake atashangilia. Badala yake Rosalie alitaka kujua kwanza ni nini kiliifunga foni siku zote hizo, maana alikuwa ameshaanza kumlilia. Basi Émérence akaeleza, mwambao mzima ukisikiliza: kile kikombe cha bati, kijiko juu ya kijiko, moshi, na kilio cha kwamba Nkambo hajashiba. Zongwe walicheka hadi wakashikilia kitufe bila kujua, na Moba wakacheka juu yao.

Kirungu haikucheka. Papa Pontien, aliyekuwa mlangoni, alisogea kuhakikisha kwamba sanduku lake halijazima.

"Émérence," sauti ilisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza haikupazwa. "Usimutume."

Émérence alingoja. Mama yake hakuwa amemaliza.

"Weye nilikutuma, nikakawia kukuchukua. Kila mwaka nilisema mwaka kesho. Ukarudi, ukaniita Mama Florent. Ulifikiri sikusikia. Nilisikia, mwanangu, nikakosa la kukujibu mpaka leo." Alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilisikika Kalemie. "Huyu ananilisha na hajaniona hata macho. Haiwezekani yeye njo asafiri, mimi nikae. Mashua ya Florent ikifika Moba, itanikuta pa bandari. À vous."

Miaka tisa Émérence amewaambia watu zamu yao ikifika. Sasa ilikuwa yake, na kidole kilikataa kubonyeza kitufe. Machozi yalimtoka mbele ya benchi zima na hakuyafuta. Katika vituo vyote, ambako huwa kuna mtu wa kudakia, hakuna aliyedakia.

"Kalemie," Léon alisema taratibu, "mama yako amesema à vous."

"Nimesikia, Mama," Émérence alijibu. "Kuya."

Rosalie alifika Jumatano iliyofuata, baada ya kutapika njia nzima kutoka Moba hadi Kalemie, akiwa na gunia la maharagwe, kuku mmoja, na blanketi. Alikuwa hajawahi kupanda mashua maishani mwake. Mujinga alimtazama akajificha nyuma ya mama yake. Sauti aliijua, uso ulikuwa wa mtu mwingine, na tena ulikuwa nje ya sanduku.

Rosalie hakumlazimisha. Aliketi mkekani, akaweka kuku chini, akaangalia pembeni.

"Mujinga, njaa inaniuma," alisema. "À vous."

Mtoto alifikiri kidogo, kisha akaenda kutafuta kijiko.

Tangu siku hiyo nyumba yao karibu na mto Lukuga imejaa. Asubuhi Émérence anakwenda kazini mikono mitupu, jambo ambalo bado anasema linampa kizunguzungu. Saa nne akirudi anawakuta bibi na mjukuu wakichambua maharagwe, mmoja akitoa mawe na mwingine akiyarudisha. Gaspard amejenga kitanda cha pili kwa mbao alizozibeba kutoka Kabalo, na amenung'unika, kwa furaha isiyofichika, kwamba hapati tena pa kukaa nyumbani kwake. Kifurushi kile cha kitenge kilifunguliwa. Sweta limewekwa kwa ajili ya mtoto atakayefuata.

Mama na binti wanaongea sasa, wakati wa kupika, bila benchi la wasikilizaji. Wanaongea nini, Émérence hakupenda kusema. Alisema tu kwamba hawajamaliza, na kwamba hawana haraka.

Mpango wake ni huu. Wiki mbili kabla ya kujifungua ataacha foni mikononi mwa binti wa Papa Apollinaire, ambaye anamfundisha tangu Jumatatu. Atakaa nyumbani mwezi na nusu, kisha atarudi kazini. Rosalie atabaki Kalemie mpaka mtoto mchanga aanze kutembea, kama desturi inavyotaka, ila safari hii aliyehama ni bibi. Shamba la Kirungu analitunza Léon, na anaripoti kila Jumanne na Ijumaa.

"Nataka huyu azaliwe, afungue macho, akute dada yake iko hapa," anasema Émérence. "Njo hiyo tu. Mengine tutayaona."

Ni saa sita, na sufuria inachemka uani. Mujinga anakuja na kikombe chake cha bati, anakiweka chini kwa uangalifu, anashika tumbo la mama yake kwa mikono miwili. Ameshaambiwa kwamba kuna mtu ndani, na si mara yake ya kwanza kushughulika na mtu aliye ndani ya kitu.

"Mutoto, kuya kula. Avu."

Analaza sikio. Nkambo anaacha kuchambua maharagwe, Gaspard anashusha ndoo, na hakuna anayesema, maana zamu si yao. Kisha kitenge cha mama kinaruka kidogo, mahali pale pale lilipo shavu la Mujinga, naye anainuka kwenda kutafuta kijiko cha pili.